Kamera ya Nyumba Imepatikana, Jamani!

Unafungua kioo, inawaka. Nalitanguliza hilo kabla ya 4K, kabla ya zumu na kabla ya jina la Zeiss lililoandikwa kwenye lenzi, kwa sababu ndilo lililonifanya nicheke kwa sauti mbele ya kaunta ya duka moja Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Sony FDR-AX43 haihitaji kutafutiwa swichi. Unakivuta kile kioo cha pembeni kwa kidole na kamera iko macho. Kidole gumba kimeshakaa juu ya kitufe cha kurekodi, kidole cha shahada kimeshaikuta zumu, mkanda wa pembeni umeshaukamata mgongo wa mkono. Bonyeza mara moja, unarekodi. Funga kioo, imezima. Hakuna namba ya siri. Hakuna kuulizana nani amemaliza chaji. Hakuna simu inayoingia mtoto akiwa ndiyo kwanza anakata keki!

AX43 ilitoka 2020, kwa hiyo si habari mpya kwa wanaofuatilia kamera. Kwetu ni mpya! Ndugu wa pande zote mbili tumechanga kwenye grupu la ukoo, kila mmoja kwa uwezo wake, nami nikapewa kazi ya kwenda kuchagua kamera ya video ya familia: ya arobaini za watoto, mahafali ya chekechea, sendofu, harusi, maulidi, Idi na Krismasi, maana sisi tuna vyote. Nimeshika kila kamera niliyoikuta. Nimerudi Mchikichini na hii, na moyo bado unanienda mbio.

Igeuze uitazame usoni. Iwashe, halafu itikise kidogo. Lenzi inabaki pale pale! Mwili wa kamera unakwenda kushoto, lenzi imekukazia. Unakwenda kulia, bado imekukazia, inazunguka ndani ya tundu lake kama jicho ndani ya kope. Kamera nyingi huzuia mtikisiko kwa kusogeza kipande kimoja tu cha kioo ndani ya lenzi, au kwa kukata pembe za picha kwa hesabu za programu. Hapa Sony wanakisogeza kitu kizima, lenzi pamoja na kihisi cha picha kilicho nyuma yake, kwa mpigo mmoja. Wanauita mfumo huu Balanced Optical SteadyShot, na walianza kuuweka kwenye Handycam zao 2012. Nilikuwa nimeusoma. Kuusoma na kuuona kwa macho ni mbingu na ardhi.

Nikasogea mlangoni mwa duka nikaielekeza mtaani. Mnaijua Kariakoo asubuhi ikishachangamka: mikokoteni, bajaji, wabeba mizigo na “pisha, pisha” yao, machinga amejivika suruali za kuuza mabegani hadi shingoni. Nikavuta zumu. Ikaenda, ikaenda, ikaenda! Mara 20 kwa lenzi yenyewe, bila kuikuza picha kwa kompyuta mpaka ipasuke. Ng’ambo ya barabara, juu ghorofani, kulikuwa na kanga imeanikwa kwenye uzio wa baraza, na mimi nikalisoma jina la kanga ile kutoka mlangoni, kwa mkono mmoja, bila stendi, na herufi zimetulia. Muuzaji akaniambia, “Dada, hiyo hata mahakamani unapeleka ushahidi.” Nikamwambia sitaki mahakamani, nataka mahafali ya chekechea, ambako wazazi wanawekwa viti vya nyuma na mtoto wako ndiye wa tatu kutoka mwisho kwenye mstari wa ngonjera. Kwa simu, mtoto huyo ni nukta yenye joho. Kwa AX43 unaona anavyousahau ubeti na anavyoukumbuka.

Swali linalokuja kila ninapoitoa kwenye mfuko ni lile lile: simu zote hizi, kamera ya nini? Nalijibu kwa nguvu zangu zote. Simu ni ya mtu. Kamera ni ya nyumba.

Tazama video za familia yako ziko wapi leo. Harusi ya dada iko kwenye simu ya shemeji, na shemeji ameshabadilisha simu. Hatua za kwanza za mtoto zilikuwa kwenye simu iliyochomolewa kwenye daladala. Kipaimara kipo WhatsApp, kimebanwa, kikatumwa, kikatumwa tena, mpaka nyuso zimefutika. Wote walirekodi na hakuna mwenye picha! Kamera ya nyumba inakaa kwenye kabati la vyombo sebuleni, kila mtu anajua ilipo, haina nenosiri la mtu, na kadi yake ikijaa inajulikana ni nani wa kuihamisha. Halafu kuna hili ambalo halisemwi sana: mwenye simu nzuri kuliko wote ndiye anayerekodi kila shughuli, kwa hiyo ndiye asiyeonekana katika shughuli yoyote. Mtafute mama yako kwenye video za familia. Utausikia mkono wake ukigonga simu, uso wake hutauona. Kamera inayowashwa kwa kufungua kioo inazunguka mikononi. Leo kaipokea mama mdogo, kesho kijana wa darasa la sita, na kila mmoja anaingia kwenye picha kwa zamu.

Wazazi wetu walikuwa wanalijua hili. Serikali ilianza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni mwaka 1984, na chini ya Mzee Mwinyi, aliyeingia madarakani 1985, televisheni na deki zikaanza kuonekana sebuleni Dar es Salaam. Wakati huo Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni; vituo vilianza 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Deki bila kituo unaiangalizia nini? Mikanda! Filamu za Kihindi, za karate, na mkanda wa harusi. Mgeni akija anawekewa harusi ya watu asiowajua, kuanzia kupambwa bibi harusi mpaka kutunza, soda mkononi, na jioni imekamilika. Mkanda ule ulikuwa mali ya nyumba, unatunzwa ndani ya jalada lake juu ya deki. Nataka turudi kwenye utaratibu ule tukiwa na picha nzuri mara nyingi zaidi. (Na kama mikanda hiyo bado mnayo, itoeni kabatini wiki hii mkaihamishie kwenye kompyuta. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016, na joto na unyevu wa pwani haviusubiri utepe.)

Haya, turudi kwenye kamera, maana nyumbani ndiko iliponimaliza kabisa.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ya vyumba sita, korido katikati na uani nyuma, kama nyumba nyingi za Mchikichini na Ilala ambazo hazijageuzwa ghorofa. Ni nyumba ngumu kwa kamera. Vyumba ni vidogo, korido ni giza, ukitoka uani unakutana na jua la Dar es Salaam limekuchoma machoni. Tulikuwa na arobaini ya mtoto. Nikaingia chumbani kwa mzazi, mgongo wangu ukagusa ukuta, nikafungua kioo: mzazi, mtoto, bibi, somo na nusu ya kabati, wote wamo! Lenzi inaanzia upana wa milimita 26.8 kwa kipimo cha kamera za filamu, na upana huo ndio nyumba zetu zinautaka. Wauzaji wanapenda kukutajia zumu tu, mara 20, mara 30, mara 50. Waulize inaanzia wapi. Zumu ndefu ni ya ukumbini. Siku nyingi za maisha ya familia zinapita chumbani na jikoni.

Kutoka chumbani hadi uani nikatembea nikirekodi, nikipita kwenye korido ile ya giza, watoto wakinipita miguuni, na picha ikateleza bila kurukaruka. Mwanga ulipobadilika ghafla mlangoni, kamera ikapepesa mara moja ikajipanga. Uani kulikuwa na turubai la bluu. Nyote mliowahi kuona video ya shughuli mnalijua turubai la bluu: kila mtu chini yake anatoka rangi ya kibuluu, pilau la bluu, mtoto wa bluu. Nikaingia kwenye menyu, sehemu ya mizani ya nyeupe, nikaielekeza kamera kwenye leso nyeupe iliyokuwa chini ya turubai lile lile, nikagusa mara moja. Ngozi zikarudi kuwa ngozi, na kahawia ya kila mtu ikawa yake! Shangazi yangu alikuwa amekaa mbele ya ukuta mweupe, na mbele ya ukuta wa namna hiyo kamera yoyote itajaribu kumtia giza mtu mweusi ili kuuokoa ukuta. Nikamgusa usoni pale kwenye kioo. Kamera ikaacha habari za ukuta, ikampa mwanga yeye. Kioo cha kugusa si pambo. Kwa ngozi zetu na kuta zetu zilizopakwa chokaa ni kitu cha kulipia.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, hasa kina mama. Shughuli nyingi za kwetu zina sehemu ya wanawake peke yao: kumcheza mwali, singo, mafundisho ya bibi harusi. Mpiga video wa kukodi, ambaye mara nyingi ni kijana wa kiume, hafiki huko, na hapaswi kufika. Kwa hiyo miaka yote sehemu tamu kuliko zote, nyimbo za kina bibi, vichekesho vyao, ngoma inayopigwa kwenye madebe, haikurekodiwa kabisa, au ilirekodiwa kwa simu ya mgeni na kesho yake iko mitandaoni. Kamera ya nyumba inaingia ndani mikononi mwa mwanamke wa nyumba, kadi inatolewa na kufungiwa na mwanamke wa nyumba, na hakuna intaneti iliyoshikana nayo mpaka mwenyewe uamue. Nilimkabidhi shangazi. Nikamwambia, “Shikamoo shangazi, fungua hapa, bonyeza hapa.” “Marahaba mwanangu, basi?” Basi! Akaingia nayo, mlango ukafungwa, na aliporudi kila kitu kilikuwamo, kimetulia, pamoja na kilichosemwa ambacho sitakiandika hapa. Anayerekodi huwa ndiye aliye karibu na maikrofoni kuliko wote, na shangazi si mtu wa kunyamaza. Kamera hii ina kipengele cha kupunguza sauti ya aliye nyuma yake, kinachoitwa My Voice Canceling. Kiwasheni. Ina pia tundu la maikrofoni ya nje, na ile maiki ndogo ya kubana kwenye nguo inatosha kumfanya shehe au mchungaji asikike juu ya jenereta.

Kuhusu 4K nitasema jambo ambalo wapenda vifaa wenzangu huenda wasilipende. Ndiyo, ni tamu! Ni vitone 3840 kwa 2160, mara nne ya Full HD, na kutoka humo unachomoa picha mnato ya kusafisha na kuweka ukutani. Lakini kwenye mfumo wetu wa 50i, ambao nitaueleza nikifika kwenye kununua, AX43 inachukua 4K kwa picha 25 tu kwa sekunde, wakati kwa Full HD inakwenda hadi 50. Ngoma ikikolea, mdundiko ukipita mtaani, watoto wakikimbizana, zile 50 zina mtiririko unaozishinda zile 25 kwa mbali. Na 4K ya ubora wa juu, megabiti 100 kwa sekunde, inakula gigabaiti 45 kwa saa: kadi ya 64 inajaa kabla ya dakika 90, na inadai kadi yenye alama ya U3. Kwa hiyo sheria ya nyumba yetu ni hii. Wazee wakiketi kusimulia, 4K kwenye stendi. Watu wakisimama kucheza, Full HD ya 50.

Panapoishinda ni gizani. Kihisi chake ni kidogo, na usiku chini ya taa moja ya uani picha inaingia chenga, zaidi ukivuta zumu, maana lenzi hii ikivuta mbali mwanga unaoingia hupungua. Nunua taa ndogo ya kuchaji uifunge juu ya kamera na mambo yaishe. Haina pia kitundu cha kuchungulia kwa jicho, ambacho ndugu yake AX53 anacho. Juani inabidi uwe na kofia ya kukikinga kioo. Na bei yake, nawaambieni ukweli, inanunua zaidi ya mbili za ile nitakayoitaja sasa hivi.

Maana kuna Sony HDR-CX405, na siwezi kuipita! Ilitoka 2015, ina uzito wa gramu 215 hivi pamoja na betri, inaenea kiganjani mwa mtoto, inawaka kwa kufungua kioo vile vile, upana ule ule wa milimita 26.8, na zumu mara 30. Full HD tu, na Full HD inatosha kwa televisheni za sebule nyingi. Waya wa USB umefichwa ndani ya mkanda wa mkononi, hivyo hakuna siku utakayoutafuta. Tena inaweza kuandika faili mbili kwa wakati mmoja, moja nzito ya kutunza na moja nyepesi ya MP4 ya megabiti 3 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 22 kwa dakika, ya kumtumia mama mdogo aliyeko Muscat usiku ule ule. Inachokosa: tundu la maiki, kioo cha kugusa, Wi-Fi, na lile jicho linaloelea. Gizani inateseka zaidi. Lakini kwa nyumba yenye fedha kidogo na watoto wengi, kamera hii ni baraka, na nimeipenda kwa dhati.

Canon LEGRIA HF R806 ina zumu mara 32, kioo cha kugusa na tundu la maiki. Ukiikuta nzima na bei inaongeleka, chukua bila woga. Panasonic HC-V180 ina zumu mara 50, nzuri kwa mzazi wa mcheza mpira pale viwanja vya Karume, ingawa mara 50 bila stendi ni mtihani kwa mkono wowote.

Halafu kuna DJI Osmo Pocket 3. Mpwa wangu alinibishia njia nzima kuhusu hii, na nusu ya hoja zake ni kweli. Ilitoka Oktoba 2023, ina gramu 179, kihisi chake ni cha inchi moja, kikubwa kuliko cha Handycam yoyote niliyoitaja, na kichwa chake kinazungushwa na mota tatu kikimfuata mtu usoni peke yake. Uani usiku inaishinda AX43, nakubali mbele ya mashahidi. Ukitembea na mtoto anayejifunza baiskeli, hakuna kinachoifikia. Ila haina zumu ya lenzi. Ukumbini utaishia kukiona kisogo cha aliyekaa mbele yako. Na kioo chake cha inchi mbili hakimfai bibi mwenye miwani. Ni kamera ya kijana mmoja anayejua anachofanya, na kama nyumbani kwenu yupo kijana huyo na anarekodi kila siku, mnunulieni. Mimi nilitumwa kutafuta ya ukoo.

Sasa kununua. Ukishuka mwendokasi Msimbazi, kabla hujavuka barabara winga ameshakudaka: “Dada yangu, unatafuta nini? Njoo, mzigo umeshuka jana.” Mawinga wanaijua Kariakoo kuliko ramani yoyote, na aliyenipeleka dukani alinipeleka sawasawa. Ongea naye kwa heshima, mweleze unachotaka, lakini kamera uikague mwenyewe, na ukaguzi uanzie tumboni mwa kamera. Igeuze juu chini. Handycam huandikwa chini yake 50i au 60i. Sisi tunataka 50i. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa nyingi zinapepesa nao bila jicho kuona, na kamera ya 60 iliyotengenezwa kwa Marekani au Japani itakuletea mistari inayopanda na kushuka ukutani usiku kucha wa harusi. Mwambie muuzaji awashe taa ya tyubu, urekodi ukuta mweupe, utazame. Kwa Canon jina lenyewe linakusemea: LEGRIA ni ya kwetu na ya Ulaya, VIXIA ni ya Amerika ya Kaskazini, iVIS ni ya Japani. Na hizi zilizotumika zinazokuja moja kwa moja kutoka Japani, nzuri na safi kama zilivyo, fungua menyu kwanza. Sony nyingi za soko la kule zina Kijapani peke yake, na hakuna fundi wa kukubadilishia.

Kadi ndiyo inayoniumiza roho kuliko yote. Kadi feki haikatai kurekodi. Imechezewa ijitangaze gigabaiti 512 wakati ndani ina 16, kwa hiyo inapokea harusi nzima kwa utii, na ikijaa inaandika juu ya yaliyotangulia au inayatupa. Unaligundua siku ya pili, bibi harusi ameshasafiri. Kuna programu ya bure ya kompyuta za Windows, H2testw: inaijaza kadi yote halafu inaisoma tena na kukuambia ukweli. Ipitishe kila kadi mpya hapo kabla ya shughuli, hata kama imetoka duka la heshima. Betri vile vile: ile halisi ya aina ya NP-FV huongea na kamera na kuonyesha kwenye kioo dakika zilizobaki, na kwa kuwa inakaa nje nyuma ya AX43 unaweza kuweka kubwa zaidi, FV100A, ukasahau habari za umeme kukatika. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa. Bila hiyo waranti ni maneno matupu.

Ukishahamisha picha, nakala mbili, na moja isilale nyumba moja na nyingine. Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, soko la Mchikichini likaungua Januari 2022. Watu wa huku hawahitaji kuhubiriwa. Diski moja iwe kwetu, nyingine iwe kwa kaka Mbagala.

Hukumu yangu, basi. Kama ukoo unaweza kuchanga, chukueni FDR-AX43 ya 50i, kadi mbili za U3 zilizopimwa, betri kubwa, maiki ya kubana na stendi nyepesi, na mtakuwa na kamera bora ya familia niliyowahi kuishika. Kama mchango haukufika, chukueni HDR-CX405 na msione haya hata kidogo. Mkifika nayo nyumbani, msiisubiri harusi. Mkalisheni mzee kuliko wote pale barazani, fungueni kioo, mwulizeni alifikaje Dar es Salaam.